Betri ya boda ya Kondele na vinundu vya Pasifiki

Chama kimoja cha wenye boda za stima pale Kondele, Kisumu, kina wanachama 32 na akiba ya shilingi 1,800,000. Nusu imetengewa betri za akiba. Nusu nyingine, 900,000, imekaa kwenye mfuko wa soko la fedha ikingoja kazi. Katika mkutano wa mwezi, mwanachama mmoja alileta pendekezo kwamba fedha hizo zinunue hisa za kampuni ya kigeni inayojiandaa kuchimba madini chini ya Bahari ya Pasifiki. Hoja yake ilikuwa fupi. Boda za stima zinazidi kila mwezi. Boda ni betri, na betri ni nikeli na kobalti. Madini hayo yametapakaa kwenye sakafu ya bahari, na atakayeingia mapema ndiye atakayekula bei nzuri.

Wengi waliikubali palepale. Mweka hazina akaomba wiki tatu hoja ichunguzwe. Yafuatayo ni uchunguzi huo na pendekezo lililorudishwa kwa kamati.

Betri ilifunguliwa kwanza

Mahali pa kuanzia palikuwa karakana. Betri za vituo vya kubadilishana ni mali ya kampuni, na hakuna ruhusa ya kuzifungua. Lakini wanachama 11 walinunua pikipiki pamoja na betri zake, na mojawapo ilikuwa mezani kwa sababu ilikata stima kila ilipobeba abiria wawili kupanda mlima.

"Fundi, chaja imeandikwa volti 84," alisema mwenyekiti. "Si ni ya nikeli basi?"

"Chaja peke yake haitoshi, mama. Tuhesabu seli."

Fundi alikuwa sahihi, na hapa ndipo wengi hukosea. Seli ya nikeli, ile ambayo mafundi huiita NMC, hujaa kwa volti 4.2. Ukiunganisha seli 20 unapata volti 84. Seli ya chuma na fosfeti, LFP, hujaa kwa volti 3.65. Ukiunganisha seli 23 unapata volti 83.95, na kiwanda huandika 84. Chaja mbili zenye maandishi sawa zinaweza kuwa za betri mbili tofauti kabisa.

Kabla ya kufungua, pete na saa huvuliwa, spana huzungushiwa tepu, na waya wa hasi huondolewa kwanza. Volti 84 za mkondo mnyoofu si za kuchezea, na spana ikiangukia vichwa viwili vya seli huyeyuka hapo hapo. Kava lilipotoka, seli zilihesabiwa: 23. Multimita iliwekwa kwenye seli moja moja, betri ikiwa na chaji ya karibu nusu. Seli 22 zilisoma kati ya volti 3.28 na 3.30. NMC kwa chaji hiyo ingesoma karibu 3.7. Seli ya kumi na saba ilisoma 2.9, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiangusha betri nzima. Ikibebeshwa mzigo hushuka chini ya 2.5, na saketi ya ulinzi hukata kila kitu hata kama nyingine zote bado zina nguvu.

Kati ya betri hizo 11, tisa zilikuwa za LFP. Ndani yake mna lithiamu, chuma, fosfeti, kaboni, karatasi ya shaba na ya alumini. Nikeli hamna. Kobalti hamna.

Kondele haiko peke yake katika hili. Kufikia 2024, LFP ilikuwa karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani, na viwanda vya China ndivyo vilivyosukuma mabadiliko hayo kwa sababu chuma ni rahisi na kinapatikana kila mahali. Hata zile betri mbili za nikeli hazibebi mzigo mkubwa wa madini. Betri ya NMC ya aina ya kawaida hutumia takriban nikeli kilo 0.6 na kobalti kilo 0.2 kwa kila kilowati-saa. Betri ya boda ya kilowati-saa 3 ina nikeli isiyofika kilo mbili, ambayo kwa bei ya dola 15 kwa kilo ni chini ya shilingi 4,000.

Kwa hiyo kiungo cha pili cha hoja, kwamba betri ni nikeli na kobalti, kilikatika kabla hatujafika baharini. Shaba ni jambo jingine. Shaba imo katika kila mota, kila waya na kila betri, na mahitaji yake yanaongezeka kweli. Lakini anayetaka kuwekeza kwenye shaba ana migodi ya nchi kavu inayouza tayari.

Kilicho kule chini

Kinachotafutwa zaidi ni vinundu, yaani mawe meusi yenye ukubwa wa kiazi, yaliyotawanyika juu ya tope laini katika kina cha mita 4,000 hadi 6,000. Eneo maarufu ni Clarion-Clipperton, kati ya Hawaii na Meksiko, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 4.5. Kinundu hujijenga polepole mno, milimita chache kwa kila miaka milioni moja. Chembe za madini kwenye maji huganda juu ya kipande cha jino la papa au mfupa, tabaka juu ya tabaka.

Mpango wa kuvivuna ni huu. Mashine yenye minyororo kama ya tingatinga hushushwa hadi sakafuni. Hupuliza maji kwa nguvu sambamba na tope, vinundu hunyanyuka na kuingia tumboni mwake pamoja na tope lenyewe. Vinatenganishwa nusunusu, kisha hupelekwa kwenye bomba la zaidi ya kilomita nne. Hewa iliyoshindiliwa huingizwa bombani, na jinsi mapovu yanavyopanda ndivyo yanavyovuta maji na mawe hadi melini. Melini vinundu huchujwa, na maji yenye vumbi hurudishwa baharini kwa bomba jingine. Mwaka 2022, meli iitwayo Hidden Gem ilifanya jaribio la namna hiyo na kupandisha zaidi ya tani 3,000. Kwa hiyo swali la kama inawezekana limejibiwa.

Ugumu unaanza kazi ikitakiwa kwenda siku 300 kwa mwaka. Kwa kina cha mita 4,300 mgandamizo ni zaidi ya psi 6,000. Tairi ya lori hujazwa psi 120 hivi, kwa hiyo ni mara 50 ya hiyo, saa zote, juu ya kila kiungio, kila waya na kila sili ya mpira. Mwezi wa Aprili 2021, mashine ya majaribio ya kampuni ya Ubelgiji, Patania II yenye uzito wa tani 25, ilikatika kwenye kebo na kubaki sakafuni kwa siku kadhaa kabla ya kuvuliwa. Boda ikikwama mtaani Mamboleo, Kisumu, fundi hufika kwa dakika 20.

Hesabu ya tani moja

Kinundu kikavu cha Clarion-Clipperton kwa wastani kina manganizi asilimia 28, nikeli 1.3, shaba 1.1 na kobalti 0.2. Kwa tani moja kavu hiyo ni nikeli kilo 13, shaba kilo 11, kobalti kilo 2 na manganizi kilo 280. Tukitumia bei za mviringo zinazokaribia za 2025, dola 15 kwa kilo ya nikeli, 9.50 ya shaba na 30 ya kobalti, tunapata dola 195, 104 na 60. Manganizi huuzwa kama mawe ya kiwandani kwa bei ndogo, tuseme dola 125 kwa kilo hizo zote. Jumla ni kama dola 485, au shilingi 62,000 hivi, na hiyo ni endapo hakuna hata gramu moja inayopotea. Kutoka hapo toa mafuta ya meli, wafanyakazi, bima, matengenezo, usafiri hadi Asia, na tanuru la kuyeyusha ambalo hula umeme bila huruma. Vinundu vibichi vina maji karibu robo ya uzito, na maji hayo yote husafirishwa na kukaushwa kwa gharama.

Vilevile bei haiko mikononi mwa mchimbaji wa baharini. Indonesia inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zaidi ya theluthi mbili ya kobalti. Mwaka 2022 tani ya kobalti ilifika karibu dola 80,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa chini ya 25,000. Februari 2025 Kongo ikasimamisha kuuza nje na bei ikapanda tena. Nikeli ya Indonesia ilivyomwagika sokoni, kampuni ya madini ya BHP ililazimika kusimamisha migodi na viwanda vyake vya nikeli huko Australia Magharibi mwezi Oktoba 2024. Kampuni kubwa yenye reli, barabara na wafanyakazi wazoefu ilishindwa na bei. Mwenye meli moja na bomba la kilomita nne atasimama wapi bei ikirudi pale?

Tuchukue mradi mmoja unaotoa tani milioni 3 za vinundu vibichi kwa mwaka. Baada ya kukauka unatoa nikeli tani 29,000 hivi, chini ya asilimia moja ya inayozalishwa duniani. Hautaifunga migodi ya nikeli ya Sulawesi, Indonesia, wala ya kobalti ya Kolwezi, Kongo. Watetezi wa uchimbaji huu wana hoja nzito kwamba nikeli ya nchi kavu inakata misitu na kobalti ya Kongo inachimbwa kwa jasho la watoto. Ni kweli, na inauma. Lakini shehena mpya ikiingia sokoni hushusha bei, na anayeanguka kwanza ni mwenye gharama kubwa, ambaye mara nyingi ndiye anayelipa vizuri na kufuata sheria.

Solwara 1

Katika wiki zile tatu, mfano uliobadili mawazo ya kamati kuliko mwingine wowote ulikuwa wa Papua Guinea Mpya. Kampuni ya Kanada, Nautilus Minerals, ilipata leseni mwezi Januari 2011 kuchimba Solwara 1, katika Bahari ya Bismarck, kwenye kina cha mita 1,600 tu. Madini yenyewe yalikuwa ya kuvutia, shaba karibu asilimia 7 pamoja na dhahabu, mara kadhaa ya ile shaba ya vinundu. Mashine tatu kubwa zilitengenezwa Uingereza na kukamilika. Serikali ilinunua asilimia 15 ya mradi kwa takriban dola milioni 120.

Kilichokosekana ni meli. Ilikuwa ikijengwa China chini ya mkataba wa mtu wa kati, mtu wa kati akashindwa kulipa, na mashine zikabaki ghalani bila chombo cha kuzishusha. Mwaka 2019 kampuni ilifilisika. Hakuna hata tani moja ya kibiashara iliyotoka, na fedha za wananchi hazikurudi. Mwaka huo nchi hiyo ilikuwa ingali na zahanati zisizo na dawa, na wavuvi wa kisiwa cha New Ireland, karibu na hapo, walikuwa wamepinga mradi kwa miaka.

Zingatia kilichoiangusha: jiwe lilikuwa zuri na teknolojia ilikuwa tayari. Kiungo kimoja cha fedha katikati ya mnyororo mrefu kilitosha. Norwei nayo ina mfano wake: Loke Marine Minerals, iliyonunua leseni za Pasifiki mwaka 2023, ilifilisika Aprili 2025.

Tope na viumbe

Tukirudi kwenye ule mradi wa tani milioni 3: penye vinundu vingi, mita moja ya mraba hubeba kilo 15 hivi. Mashine itafagia angalau kilomita za mraba 200 kila mwaka. Ghuba ya Winam, ile ya Ziwa Victoria inayofika Kisumu, ina takriban 1,400, kwa hiyo ingekwisha kwa miaka saba. Kwa miaka 20 ni kilomita za mraba 4,000, karibu sawa na sehemu yote ya Ziwa Victoria iliyo Kenya, kuanzia Dunga hadi Muhuru na Port Victoria. Ni kweli kwamba kwa ukubwa wa Clarion-Clipperton hiyo ni chini ya sehemu moja kati ya elfu, na watetezi wana haki ya kulisema. Lakini leseni ya utafutaji moja hufika kilomita za mraba 75,000, na ziko nyingi.

Kinachofagiwa hakirudi kwa muda ambao binadamu anaweza kuungoja. Kinundu ni makao. Sponji, matumbawe ya kina na viumbe wengine wanaohitaji kitu kigumu cha kushikilia hawana pengine pa kukaa katika tambarare ya tope. Mwaka 1989 wanasayansi wa Ujerumani walikokota jembe pana kwenye sakafu karibu na Peru, mita 4,150 chini. Waliporudi 2015, mifereji ilikuwa inaonekana kama ya juzi. Katika Clarion-Clipperton, alama za mashine iliyojaribiwa 1979 zilikaguliwa baada ya miaka 44: viumbe wadogo wa topeni walikuwa wameanza kurejea, lakini alama bado zipo na viumbe wakubwa wa kushikilia hawajapona. Utafiti uliofuata jaribio la 2022 ulikuta idadi ya wanyama wadogo kwenye njia ya mashine imeshuka kwa asilimia 37 na aina zao kwa asilimia 32.

Kuhusu wingu la tope, picha ni ya kati. Vipimo vya Pasifiki vilionyesha sehemu kubwa ya tope hubaki chini kabisa, ndani ya mita mbili kutoka sakafuni. Hiyo ni nafuu kwa samaki wa juu, lakini ni balaa kwa wale wanaokula kwa kuchuja maji hayo hayo. Ukubwa wa hasara hauwezi kuhesabiwa vizuri kwa sababu ya orodha yenyewe: aina zaidi ya 5,000 za viumbe zimekadiriwa katika eneo hilo, na takriban tisa kati ya kumi hazijapewa hata jina la kisayansi.

Watu wa ziwani wana kipimo chao. Mbuta, yaani sangara, alipoingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, viwanda vya minofu vilikuja na fedha zilionekana. Fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa wenye mamia ya aina, walipungua au kutoweka, na hakuna aliyewahi kuwarudisha. Kule Pasifiki kiumbe atakwisha kabla mvuvi hajapata kumpa jina.

Sheria na mgao

Sakafu iliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa pamoja wa binadamu kwa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia 1989. Msimamizi ni Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika. Mwezi Juni 2021 Nauru, nchi ya kisiwa cha Pasifiki, ilitumia kifungu kinachoipa Mamlaka miaka miwili kukamilisha kanuni za uchimbaji. Muda ukapita Julai 2023, na mikutano ya Julai 2025 nayo ikaisha bila kanuni. Zaidi ya nchi 30 zinataka kazi isimamishwe kwanza. Marekani, ambayo si mwanachama, ilitoa amri ya rais Aprili 2025 ya kutoa leseni kwa sheria yake yenyewe ya 1980, na kampuni ya uchimbaji wa baharini, The Metals Company, ikaomba leseni hiyo siku chache baadaye. Madini yatakayotoka kwa njia hiyo yatakuwa na mgogoro wa umiliki tangu siku ya kwanza, na mnunuzi mwenye wanasheria wazuri atataka punguzo la bei kwa hatari hiyo.

Je, Kenya ingepata nini kwa njia halali? Mradi wetu wa mfano una mawe ya dola bilioni 1.1 kwa mwaka. Ada ikiwa asilimia 4 na ikagawanywa sawa kwa wanachama wapatao 170, kila nchi inapata kama dola 260,000, shilingi milioni 33. Kaunti moja huzitumia zote kwenye kipande kimoja cha barabara.

Hisa zenyewe

The Metals Company iliingia kwenye Nasdaq, soko la hisa la Marekani, Septemba 2021 kwa mkataba wa dola 10 kwa hisa. Mwaka uliofuata hisa ilishuka hadi chini ya dola moja, kisha ikapanda kwa kasi 2025 baada ya amri ya rais. Katika miaka yote hiyo haikuwa imeuza shehena ya kibiashara. Bei ilifuata habari. Chama kinachokutana mara moja kwa mwezi hakiwezi kushindana na watu wanaokaa mbele ya skrini usiku kucha.

Pia wakala aliyemletea mwanachama pendekezo hakuwa anauza hisa. Fomu yake, ikisomwa ukurasa wa tatu, ilikuwa ya mkataba wa kubashiri tofauti ya bei, kwa mkopo wa mara tano. Hisa ikishuka asilimia 20, amana yote imekwenda. Mwanachama anayetaka kujaribu kwa fedha zake mwenyewe aangalie kwanza jina la wakala katika orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kisha aulize kwa maandishi kama hisa itasajiliwa kwa jina lake au la.

Pendekezo

Kamati ilishauriwa isiweke shilingi yoyote ya chama. Hoja inaweza kurudi mezani mambo manne yakitimia kwa pamoja: kanuni za Kingston ziwe zimepitishwa, mradi mmoja uwe umefanya kazi mwaka mzima na gharama zake kukaguliwa, kuwe na mnunuzi aliyetia saini kwa bei inayojulikana, na kuwe na kampuni ya bima iliyokubali kubeba madhara ya mazingira. Wakati wa mkutano, manne hayo hayakuwa yametimia kwa pamoja.

Mkutano ulikubali kwa kura 27 dhidi ya 5. Kati ya zile 900,000, shilingi 140,000 zilitengwa kwa mashine ya kupima uwezo wa seli na chaja ya kusawazisha. Betri iliyokuwa mezani ilipata seli moja mpya ya uwezo uleule, iliyochajiwa hadi volti sawa na wenzake kabla ya kufungwa, kisha betri ikajaribiwa na abiria wawili kwenye mlima wa Riat. Haikukata. Seli ya zamani iliwekwa kwenye kikapu cha seli za matumizi ya pili, kwa ajili ya taa za kibanda.